Kutoka Shambani Hadi Shimoni: Mhadhara Kuhusu Uchaguzi wa Taulo za Kike

Taulo ya kike ya kutumika mara moja na kutupwa, ambayo Wakenya wengi huiita sodo na vijana wa pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania huiita pedi, huonekana kwa macho kuwa kipande kimoja cha pamba nyeupe, lakini mtu akiichana kwa wembe kuanzia juu kwenda chini hukuta tabaka nne au tano zisizofanana, na mara nyingi haoni pamba hata kidogo. Tabaka la juu, linalogusa ngozi, huwa ni kitambaa kisichofumwa, yaani nyuzi zilizoshikanishwa kwa joto badala ya kupitishwa kwenye mtambo wa kufuma, na nyuzi hizo kwa kawaida ni za polipropilini, ambayo ni aina ya plastiki. Katika taulo nyingine tabaka hilo ni utando mwembamba wa plastiki uliotobolewa vitundu vingi vidogo. Chini yake upo moyo wa taulo, unaochambuka kama sufi, uliotengenezwa kwa massa ya miti, hasa misonobari, yaliyosagwa na kupaushwa. Ndani ya massa hayo huchanganywa chembe za poliakrilati ya sodiamu, kemikali iliyo mfano wa chumvi ikiwa kavu na inayogeuka rojorojo ikilowa, yenye uwezo wa kushika maji safi yenye uzito mara mamia ya uzito wake, ingawa uwezo huo hupungua sana maji yakiwa na chumvi, kama ilivyo damu. Tabaka la chini kabisa ni utando wa polithini unaozuia damu isipenye kwenye nguo, na upande wake wa nje hupakwa gundi inayofunikwa kwa karatasi yenye silikoni, kisha kila taulo hufungwa katika kifuko chake cha plastiki, na vifuko vyote hutiwa katika pakiti ya plastiki.

Mwanamke anayepata damu kwa siku 5 na kubadilisha taulo mara 4 kwa siku hutumia taulo 20 kila mwezi, sawa na 240 kwa mwaka, na akipata hedhi kwa miaka 35 huwa ametupa taulo 8,400. Hata ikiondolewa miezi ya ujauzito na ya kunyonyesha, hesabu hiyo haishuki chini ya maelfu. Damu na massa ya miti vitaoza. Plastiki haitaoza katika umri wa mwanamke huyo wala wa wajukuu zake, bali itakatika vipande vidogo zaidi na zaidi, na vipande hivyo vitaendelea kuwa plastiki.

Kwa sababu hiyo yameingia sokoni madai mawili ambayo wauzaji huyatumia kana kwamba ni kitu kimoja, nayo ni dai la kilimo hai na dai la urafiki na mazingira. La kwanza linahusu mwanzo wa taulo, yaani namna malighafi yake ilivyolimwa, na la pili, likitumiwa kwa haki, linahusu pia mwisho wake, yaani litakalotokea baada ya taulo kutupwa. Taulo yenye tabaka la juu la pamba iliyolimwa bila sumu, lakini iliyowekewa utando wa polithini chini na chembe za poliakrilati katikati, ni ya kilimo hai mwanzoni na ni taka ya plastiki mwishoni. Na taulo ya nyuzi za mgomba isiyo na cheti chochote cha kilimo inaweza kuoza vizuri kuliko hiyo. Mnunuzi asiyetenganisha mambo haya mawili hulipia moja akidhani amepata yote mawili, na kati yake na kulaghaiwa hakuna hatua nyingi.

Dai la kilimo hai ndilo lenye maana iliyofungwa kwa masharti. Pamba hai ni pamba iliyolimwa bila mbolea za viwandani, bila viuatilifu vya kemikali na bila mbegu zilizobadilishwa vinasaba, na Tanzania ni miongoni mwa nchi za Afrika zenye historia ya kweli katika zao hilo, kwani mradi wa bioRe umekuwa ukifanya kazi na wakulima wa Meatu, katika mkoa ambao leo unaitwa Simiyu, tangu mwaka 1994. Faida yake ya kwanza humfikia mkulima, ambaye habebi bomba la dawa mgongoni wala kuvuta mvuke wake, na humfikia pia udongo na kisima cha kijiji. Kiwango cha kimataifa kinachotumika zaidi kuthibitisha nguo na bidhaa za pamba hai ni kile kijulikanacho kwa herufi za GOTS, ambacho hutenganisha bidhaa yenye angalau asilimia 95 ya nyuzi za kilimo hai na ile yenye angalau asilimia 70, na hukagua pia usokotaji, upaushaji na utiaji rangi. Hapa Afrika Mashariki ipo alama ya Kilimohai, iliyozinduliwa mwaka 2007 pamoja na kiwango cha pamoja cha mazao ya kilimo hai, lakini alama hiyo inahusu mazao ya shambani na vyakula, kwa hiyo haimwelezi mnunuzi jinsi taulo ilivyotengenezwa kiwandani.

Je, pamba hai humkinga mvaaji? Hapa panahitaji uangalifu, kwa kuwa hofu huuza bidhaa haraka kuliko ukweli. Chanzo kikuu cha hofu hiyo ni upaushaji wa massa ya miti kwa gesi ya klorini, ambao huzalisha dioksini, kundi la kemikali ambazo kali kuliko zote miongoni mwake iliwekwa mwaka 1997, na chombo cha Shirika la Afya Duniani kinachochunguza saratani, katika daraja la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Habari za dioksini katika maji ya viwanda vya karatasi vya Sweden zilisikika sana mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1989 Susie Hewson alianzisha Uingereza kampuni ya Natracare ili kutengeneza taulo na tamponi zisizopaushwa kwa klorini. Tangu wakati huo viwanda vingi vimeacha gesi hiyo na kutumia ama dioksidi ya klorini, ambayo hupunguza sana dioksini, ama oksijeni, ozoni na peroksidi ya hidrojeni, ambazo hazina klorini kabisa. Mwaka 2018 wakala wa Ufaransa unaosimamia usalama wa chakula na mazingira, ANSES, ulitoa ripoti iliyothibitisha kuwapo kwa mabaki madogo ya kemikali mbalimbali katika taulo na tamponi, lakini haukuona kuwa mabaki hayo yalivuka mipaka ya kiafya. Hata hivyo uliwataka watengenezaji wayaondoe au wayapunguze kadiri inavyowezekana na waache kutia manukato. Ushauri huo ni wa busara na unatosha. Manukato ndiyo kitu cha kwanza ambacho mwanamke mwenye muwasho au upele anapaswa kukiepuka, maana hayafanyi kazi yoyote ya usafi, hufunika harufu tu, na ngozi ya sehemu hiyo huudhika upesi.

Mnunuzi anayetaka kujua tabaka la juu la taulo yake limetengenezwa kwa nini anaweza kulijaribu nyumbani. Kipande kidogo kikishikwa kwa koleo na kusogezwa kwenye mwali wa mshumaa, juu ya sahani ya bati na mbali na nguo na watoto, hujieleza chenyewe: pamba huwaka haraka, hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu jepesi linalosagika vidoleni, ilhali plastiki hunywea kwanza, huyeyuka, kisha hubaki tone gumu lisilovunjika. Jaribio hili lina mipaka yake, kwa sababu nyuzi za viskosi, zinazotengenezwa kwa kuyeyusha massa ya miti au ya mianzi kwa kemikali kali, huungua kama pamba, na plastiki inayotokana na wanga wa mahindi huyeyuka kama plastiki ya mafuta ya petroli. Kwa hiyo taulo iliyoandikwa kuwa ni ya mianzi isichukuliwe kuwa imetoka kwenye mwanzi moja kwa moja; mara nyingi ni viskosi, na usafi wake unategemea namna kiwanda kinavyodhibiti kemikali zake.

Mwisho wa taulo ndipo penye mzigo mzito zaidi, na ndipo lugha ya matangazo inapolegea. Neno kwamba kitu kinaoza halina maana mpaka isemwe kinaoza wapi na kwa muda gani. Kiwango cha Ulaya cha EN 13432, ambacho hutajwa kwenye bidhaa nyingi zinazodaiwa kuwa za kugeuka mboji, kinataka angalau asilimia 90 ya kitu iwe imeliwa na vijidudu ndani ya miezi 6, lakini katika mazingira ya mboji ya kiwandani, ambako joto hushikiliwa karibu nyuzi 58 za Selsiasi na lundo hugeuzwa ili lipate hewa. Mazingira hayo hayapatikani katika dampo la Pugu Kinyamwezi jijini Dar es Salaam wala lile la Dandora jijini Nairobi, ambako taka hulaliana pasipo hewa, na kinachooza pasipo hewa hutoa methani, gesi inayoongeza joto la dunia. Tena zipo plastiki zilizotiwa kemikali ya kuzifanya zimeng'enyuke haraka juani, ambazo huuzwa kuwa ni rafiki wa mazingira wakati kwa hakika huvunjika tu kuwa chembe. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku kuanzia Julai 2021, na kwa sheria hiyohiyo ukalazimisha pakiti za taulo zenye plastiki ziwekwe alama inayoeleza jambo hilo, yenye picha ya kasa. Pakiti yenye alama hiyo ikionekana dukani Kariakoo au Kisumu, basi mtengenezaji mwenyewe amekwisha kukiri kilichomo.

Wengi wa watumiaji wa Afrika Mashariki, hata hivyo, hawafikishi taulo zao kwenye dampo. Zinaishia katika choo cha shimo, kwa sababu ndipo mahali pa faragha palipo karibu, na kwa sababu wanawake wengi wamelelewa wakiamini, kwa heshima ya mwili au kwa hofu ya kurogwa, kwamba damu ya hedhi haipaswi kuonwa na mtu mwingine. Ndani ya shimo taulo hunyonya maji, huvimba na kukaa. Shimo hujaa kabla ya wakati wake, mpira wa gari la kunyonya majitaka huziba, na anayelazimika kuzitoa ni mtu mwenye ndoo na koleo, mmoja wa wale ambao Dar es Salaam huwaita vyura, anayeshuka hadi kiunoni katika kinyesi cha wengine, mara nyingi usiku, mara nyingi bila glovu. Mjadala wowote wa taulo zisizoharibu mazingira ambao haumfikirii mtu huyu umekosa mmoja wa wanaoumia kwanza. Kuchoma nako si jawabu rahisi kama inavyodhaniwa, kwani taulo iliyolowa huwaka kwa shida, na moto wa kawaida wa uani haufikii nyuzijoto 800 na zaidi zinazohitajika ili plastiki iungue bila kutoa moshi wenye sumu. Matanuri mengi ya matofali yaliyojengwa nyuma ya vyoo vya shule hutoa moshi mweusi unaoelekea madarasani.

Katika mazingira hayo, taulo zilizobuniwa kutokana na mimea ya kanda hii zinastahili kuangaliwa kwa makini kuliko zile zinazoagizwa kutoka mbali kwa jina la kilimo hai. Nchini Rwanda, taasisi ya SHE hutengeneza taulo katika wilaya ya Ngoma kwa kutumia nyuzi za mgomba, mmea ambao shina lake huzaa mara moja tu na hukatwa mkungu unapovunwa, kwa hiyo malighafi hiyo haichukui hata pande moja la ardhi ya chakula. Nchini Uganda, Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere alibuni MakaPads kwa mafunjo na karatasi zilizokwisha kutumika, na kambi za wakimbizi zikawa miongoni mwa watumiaji wake wa mapema. Mkonge nao, uliofikishwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf na kuufanya mkoa wa Tanga ujulikane duniani, umeonyesha jambo ambalo wachache walilitarajia: mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakishirikiana na Alex Odundo wa Kisumu, walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba nyuzi za mkonge zikilainishwa bila klorini hufyonza maji kuliko pamba waliyoilinganisha nayo. Mmea huo hukua katika ardhi kame na hauhitaji umwagiliaji. Nchi yenye mashamba ya mkonge Korogwe na Muheza, na yenye pamba hai Meatu, haina sababu ya kimaumbile ya kuagiza moyo wa taulo kutoka misitu ya misonobari ya ng'ambo. Sababu iliyopo ni ya mitaji, mitambo na soko. Ni kweli kwamba taulo za aina hii mara nyingi bado zina utando mmoja wa plastiki chini, na mtumiaji aambiwe hivyo waziwazi, lakini sehemu kubwa ya uzito wake hurudi udongoni ikifukiwa vizuri mbali na kisima.

Ipo njia nyingine, iliyo ya zamani kuliko zote, ya kutumia kitambaa na kukifua. Katika pwani ya Waswahili mwari alifundishwa na somo au kungwi wake namna ya kukunja vitambaa, kuvifua na kuvihifadhi, na mafunzo hayo yalikuwa elimu kamili ya afya kwa wakati wake. Taulo za kufuliwa za leo, kama zile zinazotengenezwa Uganda na kampuni ya AFRIpads tangu mwaka 2010, zimeongeza vifungo, tabaka zilizoshonwa pamoja na utando wa kuzuia kuvuja, na hudumu kwa mwaka au zaidi. Kikombe cha hedhi, ambacho ni chombo laini cha silikoni kinachowekwa ukeni kukinga damu, hudumu kwa miaka kadhaa. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2021, iliyokusanya tafiti zinazopima athari za bidhaa tangu malighafi hadi taka, iliona kwamba kikombe ndicho chenye athari ndogo kuliko zote, na kwamba bidhaa za kutumika tena kwa jumla huzishinda za kutupwa, hata zile za kutupwa zilizotengenezwa kwa pamba hai. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet Public Health nayo ilihitimisha kuwa kikombe ni salama.

Matokeo hayo yasigeuzwe kuwa amri juu ya msichana. Taulo ya kufuliwa inahitaji kulowekwa kwanza katika maji baridi, kwa sababu maji ya moto hugandisha damu kwenye nyuzi, kisha kufuliwa kwa sabuni, kusuuzwa mpaka maji yawe safi, na kuanikwa juani hadi ikauke kabisa. Anayeishi bwenini, ambako bomba hutoka maji mara mbili kwa juma na kamba ya nguo iko mbele ya wavulana, ataianika chini ya godoro au ataifunika kwa kanga, nayo itavaliwa ikiwa na unyevu, na unyevu ndio hulea fangasi. Kumpa msichana huyo taulo ya kufuliwa bila kumpa maji, sabuni na mahali pa kuanika ni kumhamishia gharama ambayo jamii imekataa kuibeba. Vivyo hivyo mwanamke anayelazwa hospitalini au aliyejifungua karibuni hapaswi kutiwa haya kwa kutumia taulo ya kutupwa. Mwenye bomba ndani ya nyumba na uwa wenye jua, na mwenye uwezo wa kununua anachotaka, ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi wa kubadili desturi yake, na mara nyingi ndiye anayetupa nyingi zaidi.

Bei nayo ina sauti. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike mwaka 2004, na Rwanda ikafanya hivyo mwaka 2019. Tanzania iliiondoa Julai 2018 na kuirejesha mwaka uliofuata, serikali ikieleza kwamba bei haikushuka na faida ilibaki kwa wafanyabiashara. Maelezo hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, lakini tiba iliyochaguliwa ilimwadhibu mnunuzi kwa kosa la muuzaji, na ilifunga pia nafasi ya kuzitofautisha taulo zinazooza na zisizooza katika kiwango cha kodi, jambo ambalo lingewasaidia watengenezaji wadogo wa ndani kuliko hotuba nyingi za kuwasifu.

Wanunuzi wakubwa wa taulo katika kanda hii ni serikali, halmashauri na wafadhili wanaozigawa mashuleni, na kwa hiyo uchaguzi wenye uzito zaidi hufanywa katika kabrasha la zabuni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya, kwa marekebisho ya mwaka 2017, inaitaka serikali impe kila msichana aliyebalehe katika shule ya umma taulo za bure, za kutosha na zenye ubora, na katika kifungu hichohicho inaitaka iweke njia salama ya kuzitupa isiyoharibu mazingira. Nusu ya kwanza ya kifungu hicho hupimwa kwa idadi ya pakiti zilizogawiwa. Ili nusu ya pili nayo itekelezwe, zabuni ingepaswa kumtaka muuzaji aandike kila tabaka limetengenezwa kwa nini na limepaushwa kwa nini, aonyeshe kwa majaribio ya udongo wa hapa, si ya mboji ya kiwandani Ulaya, muda ambao taulo yake huchukua kuoza, na aeleze plastiki iliyobaki itakusanywa na nani. Wasichana wa shule husika wangeulizwa, kabla ya bei kufunguliwa, kama shule yao ina maji ya kufulia au haina. Na aliyepewa kazi ya kupakua vyoo vya shule hiyo angekuwa na kiti katika kikao kinachoamua.